Kabla Hujanunua Uzi, Fungua Mkebe Wako wa Zamani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyeiona picha ya kitambaa nilichokidarizi ndege aliniandikia ujumbe mfupi. Alisema kwamba angependa kurudi kwenye kudarizi, kazi aliyoiacha tangu akiwa shuleni, na akaniomba nimpe orodha ya vitu vya kununua ili aanze vizuri. Niliandika orodha hiyo, nikaisoma mara mbili, nikaifuta. Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu, usinunue, lakini neno hilo likisimama peke yake bila kisa chake huonekana kama ukali. Kwa kuwa naamini kwamba kila anayenisoma ana kazi ya mikono aliyoiacha mahali fulani na ambayo moyo wake bado unaitamani, nimeona ni heri nieleze kwa urefu jinsi nilivyorudi mimi mwenyewe.

Nilijifunza kudarizi kwa sababu ya mguu. Nilikuwa na umri wa miaka 13 nilipouvunja, nikafungwa plasta kwa wiki sita, na kwa kuwa sikuwa mgonjwa mwenye subira, nyumba nzima ilichoka nami kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Dada yangu mkubwa ndiye aliyepata dawa. Alinirushia kipande cha shuka kuukuu, sindano iliyotungwa uzi wa buluu, akanionyesha jinsi ya kupiga bandi, kisha akaniambia kwamba nikiweza kwenda na mstari ulionyooka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kuita mtu, atanifundisha mshono wa pili. Niliufikisha mstari ule ukingoni jioni ileile. Haukuwa umenyooka, lakini alitimiza ahadi yake.

Mshono wa pili ulikuwa wa mnyororo, na mpaka leo ndio ninaoupenda kuliko yote. Sindano inaingia palepale uzi ulipotokea, inachomoza hatua ndogo mbele yake, na kabla hujaivuta unaupitisha uzi chini ya ncha. Ukivuta, kitanzi kinalala juu ya kitambaa, na kitanzi kinachofuata ndicho kinachokishikilia kisifumuke. Mvulana aliyelala na mguu juu ya mto aliona jambo hilo kuwa la ajabu kabisa, kwamba kila hatua inalindwa na ile ambayo bado haijapigwa. Plasta ilipoondolewa niliendelea kudarizi, na hakuna aliyenishangaa nyumbani, kwa sababu walishazoea kuniona hivyo.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Palikuwa na siku ya maonyesho ya kazi za mikono, nami nilipeleka kitambaa chenye maua matano, kazi ya miezi miwili, ambayo niliiona kuwa bora kuliko zote zilizokuwa mezani, na bado nadhani sikukosea. Mwalimu aliyekuwa akizikagua alikitazama kitambaa changu kwa muda, akakigeuza, akakiinua juu ili darasa zima lione upande wa nyuma, ambako palikuwa na mafundo na nyuzi zilizoruka kutoka ua moja hadi jingine bila mpango. “Mbele ni bustani,” akasema, “nyuma ni vita.” Darasa lilicheka. Mvulana mmoja aliuliza kwa sauti kama baada ya kitambaa nitajishonea na gauni, na mwalimu, badala ya kumkanya, naye akacheka.

Nilirudi nyumbani, nikachomeka sindano kwenye kazi niliyokuwa nimeianza, ndege mwenye bawa moja tu lililokamilika, nikamkunja ndege huyo pamoja na sindano yake, nikamfungia kwenye mkebe wa bati. Miaka 21 iliyofuata haina cha kusimulia kuhusu uzi na sindano.

Nikisema haina, nakuwa nimeficha jambo moja ambalo linanitia aibu kidogo. Miaka mitatu iliyopita nilijaribu kurudi, na nilijaribu kwa njia ileile ambayo msomaji wangu anataka kuitumia sasa. Nilinunua sanduku la nyuzi za rangi 100, sindano za kila namba, fremu nne za duara zinazozidiana ukubwa, na taa ya mezani yenye shingo inayopinda. Jioni mbili nzima nilizitumia kuzungushia nyuzi hizo kwenye vipande vya karatasi ngumu na kuzipanga kuanzia rangi iliyokolea hadi iliyopauka, na mtu ambaye angenitazama akiwa mlangoni angedhani kwamba ninadarizi. Sikupiga mshono hata mmoja. Kila nilipotaka kukata uzi mpya nilijiuliza kama mchoro nilionao unastahili uzi huo, na kila mara jibu lilikuwa hapana. Vifaa vipya vilikuwa vimenigeuza mgeni anayeogopa kuketi kwenye kiti kizuri. Baada ya mwaka mmoja niligawa vyote, na nilipovitoa nje ya nyumba nilipata nafuu ambayo sikuweza kuieleza wakati ule.

Mkebe niliukuta miezi miwili iliyopita nilipokuwa nikitafuta cheti nyuma ya kabati. Kifuniko kilikuwa kimegoma, ikabidi nikizungushie makali ya kijiko mpaka kikaachia. Ndani mlikuwa na vibunda kumi na vitatu vya uzi, vinne kati yake vikiwa vimesokotana na kuwa donge moja. Mlikuwa na subana iliyobonyea, fremu moja ambayo skrubu yake ilikuwa imepotea, kijaluba cha sindano, na mkasi mdogo wenye umbo la korongo, ule ambao mdomo wa ndege ndio makali yenyewe. Mkasi huo ulikuwa wa dada yangu. Aliutafuta sana nilipokuwa na miaka 14, nami niliapa mbele ya wazazi kwamba sijauona. Chini kabisa alikuwa ndege wangu, na sindano bado imechomekwa pale nilipoiacha.

Naomba nikae kidogo kwenye sindano hiyo. Ilikuwa imeshika kutu na kung'ang'ania kitambaa, hivyo sikuthubutu kuivuta kwa nguvu, kwa kuwa kutu ni kama msasa na ingekwangua nyuzi zilizo kando yake. Niliuchukua mkasi wa korongo, nikakata uzi wa zamani karibu na tundu la sindano, nikaizungusha sindano taratibu kwa vidole viwili kama mtu anayefungua kizibo, na ikatoka. Iliacha doa la rangi ya matofali, lenye ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, katikati ya kifua cha ndege. Nilikaa nikilitazama doa hilo kwa dakika kadhaa, na jambo la kwanza lililonijia akilini, lazima nikiri, lilikuwa kutupa kitambaa na kununua kingine.

Sikununua. Nilifanya uamuzi ambao sasa naupendekeza kwa kila mtu, kwamba mpaka ndege huyu akamilike, hakuna kitu kitakachoingia katika kazi hii ambacho hakikuwa tayari ndani ya nyumba. Sindano zilizokuwa kwenye kijaluba zilikuwa safi, na nilikumbuka alichonifundisha dada, kwamba kwenye sindano za kudarizi namba ikipanda ndipo sindano inapozidi kuwa nyembamba, jambo linalowachanganya wengi wanaodhani kwamba namba 10 ni nene kuliko namba 3. Fremu isiyo na skrubu niliikaza kwa kamba ya kufungia vifurushi, nikiizungusha kwenye masikio yake mawili mara nne na kuipiga fundo, ikabana vizuri kuliko ilivyowahi kubana. Bawa la kulia lilikuwa halijachorwa, kwa hiyo nilifuatisha la kushoto kwenye karatasi, nikaigeuza karatasi, nikaiegemeza kwenye kioo cha dirisha mchana wa jua, nikaweka kitambaa juu yake na kuchora kwa penseli mistari iliyopenya mwanga. Dirisha lilifanya kazi ya kifaa ambacho watu hukilipia.

Nyuzi zilihitaji uangalifu zaidi. Uzi wa pamba uliokaa gizani na pakavu hudumu kwa miaka mingi, lakini uliopigwa na jua au unyevu unaweza kuoza bila kubadilika sana kwa macho. Nilikata kipande kifupi kutoka kila kibunda, nikakivuta kwa mikono miwili. Kilichokatika bila ubishi, kibunda chake kilikwenda kwenye takataka. Viwili vilikwenda. Lile donge la vibunda vinne nililifungua kwa siku tatu, nikitumia ncha butu ya sindano kulegeza mafundo bila kuvuta ncha yoyote, kwa kuwa ukivuta ncha ndipo unapokaza donge lote.

Halafu kuna jambo la nyuzi sita. Uzi wa kawaida wa kudarizi ni nyuzi sita nyembamba zilizolazwa pamoja, na wanaoanza huutumia kama ulivyo, kisha wanashangaa kwa nini kazi yao ni nene na nzito. Kata kipande kinachotoka kwenye ncha za vidole hadi kwenye kiwiko, yaani kama sentimita 45, shika kichwa chake, uvute uzi mwembamba mmoja kwenda juu huku zile nyingine tano zikijikunja chini ya vidole vyako. Vuta mmoja mmoja, kisha ulaze pamoja miwili au mitatu unayoihitaji. Ukijaribu kuvuta miwili kwa mpigo utarudi kwenye donge. Ni kweli kwamba ukikata uzi mrefu zaidi ya huo utatunga sindano mara chache, lakini uzi mrefu hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno, ukachakaa na kutoa manyoya kabla haujaisha.

Vibunda vitatu vilikuwa bado na mikanda yao ya karatasi. Vilikuwa vya DMC, kampuni iliyoanzia mwaka 1746 huko Mulhouse, mji ambao sasa uko Ufaransa, ikichapa vitambaa kabla haijaingia kwenye biashara ya nyuzi, na rangi zake hutambulika kwa namba. Namba 310 ni nyeusi. Nalisema hili kama ushauri wa kuzuia matumizi, maana mtu mwenye namba hana haja ya kununua sanduku zima akiishiwa na rangi moja. Vibunda vingine, kikiwemo chekundu nilichokipenda kuliko vyote, havikuwa na mkanda wala namba, na hapo ndipo nilipojikwaa baadaye.

Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba rangi kumi na moja hazitoshi. Mtu huyo nitamwomba aikumbuke kazi maarufu ya Bayeux, mji wa Ufaransa, ambayo huitwa zulia la ukutani ingawa haikufumwa bali ilidariziwa, sufu juu ya kitani. Ina urefu wa karibu mita 70, ni ya karne ya 11, inasimulia jinsi William, mtawala wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, alivyoishinda Uingereza mwaka 1066, ikiwa na farasi, merikebu, mikuki na mamia ya watu, na rangi zake zote hazizidi takriban kumi, zilizopatikana kutoka kwenye mimea. Mishono yake ni minne. Waliochora vita vizima kwa rangi kumi na mishono minne hawakuwa na taa yenye shingo inayopinda. Mimi nilikuwa na ndege mmoja tu wa kumalizia, tena aliyekuwa na bawa moja tayari.

Nilianza usiku wa Jumamosi. Mishono ya kwanza ilikuwa mibaya, na sitaipamba. Uzi ulijisokota, nilijichoma kidole mara mbili kwa sababu ya kiburi cha kutovaa subana, na mnyororo wangu ulikuwa na vitanzi vikubwa kwa vidogo kama msafara wa watu wasiofahamiana. Karibu na nusu saa hivi, nikiwa nafikiria jambo jingine kabisa, niliona kwamba kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinaushikilia uzi kwa namna ambayo sikukiambia. Kilikuwa kinaulaza kando, kikiungoja, kama dada alivyonielekeza. Mkono ulikuwa umekumbuka peke yake. Sitaki kuliongezea chumvi jambo hilo, ila nitasema kwamba niliinuka, nikazunguka chumba, nikarudi kuketi.

Kilichoniuma ni kulitazama bawa la kushoto kwa karibu. Kwa miaka 21 niliamini kwamba kazi yangu ya utotoni ilikuwa ya kuchekwa, kwa sababu ilichekwa. Sasa nilikuwa naiangalia nikiwa mtu mzima, chini ya taa, na mishono ile ilikuwa midogo, imelingana, imefuata mkunjo wa kila unyoya bila kuruka. Mvulana wa miaka 14 alikuwa mdarizi mzuri kuliko mtu aliyekuwa ameishika sindano usiku ule. Mwalimu yule alikuwa na haki ya kuniambia kwamba nyuma kunahitaji usafi, kwani ni kweli kulihitaji, na angeweza kunionyesha kwa dakika moja jinsi ya kuficha mwisho wa uzi chini ya mishono iliyotangulia badala ya kupiga fundo. Alichagua kicheko. Nimekutana na watu wengi wa aina yake tangu hapo, na wengi wao wamekaa mahali ambapo wanaoanza jambo hawana budi kupita.

Kwa hiyo sikufumua chochote. Bawa la kulia lina mishono mipana zaidi, na anayejua ataona mara moja kwamba ndege huyo ana mabawa mawili ya watu wawili. Doa la kutu nililifunika kwa mafundo madogo, yale ya kuzungushia uzi kwenye sindano mara mbili kabla ya kuirudisha chini, nikayapiga saba kwa rangi nyekundu mpaka yakawa kama kishada cha matunda ya porini kilichomwangukia ndege kifuani. Wote walioiona picha wameyasifu matunda hayo. Sasa mnajua yalipotoka.

Nyekundu hiyo ndiyo iliyoniadhibu. Kazi ilipokwisha niliiosha kwa maji ya uvuguvugu ili alama ya fremu itoke, na ndani ya sekunde chache maji yakageuka ya waridi. Uzi usio na mkanda ulikuwa unatoa rangi. Nilifanya jambo pekee la kufanya, ambalo ni kusuuza kwa maji baridi tena na tena bila kuacha kitambaa kikauke wala kukigusisha pasi, kwa kuwa joto huifunga rangi mahali ilipomwagika, na baada ya maji ya tisa yalibaki meupe. Pana wingu hafifu karibu na mdomo wa ndege ambalo halitatoka. Ningeweza kuliepuka kwa kulowesha kipande cha uzi na kukibana ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika tano kabla sijaanza, hatua ambayo niliijua na nikaipuuza kwa haraka zangu. Wewe usiipuuze, hasa kwa nyekundu na buluu iliyokolea. Kupiga pasi nilifanya kwa usahihi angalau, nikilaza kazi kifudifudi juu ya taulo nene ili mishono isibonyee.

Sasa nirudi kwa msomaji wangu na orodha yake. Ndugu yangu, orodha yako imo ndani ya nyumba. Shati lililochanika kwenye kiwiko bado lina mgongo mzima, na ukichagua kitambaa cha pamba kisichovutika, hutakosa pa kudarizi kwa mwaka mzima. Sindano unayo, kwa sababu hakuna nyumba isiyo na sindano. Kama kazi uliyoiacha ilikuwa kufuma, basi kuna sweta ambalo halivaliki tena na ambalo linaweza kufumuliwa likarudi kuwa uzi. Kama ilikuwa kuchonga, kuna kisu na kuna mti. Usinunue kitu mpaka umemaliza kazi moja, hata iwe mbaya, na ukiimaliza utajua mwenyewe ni kitu gani hasa ulichokikosa, na mara nyingi kitakuwa kimoja, kama vile kibunda cha namba 310, wala si mia.

Nimeambiwa kwamba msimamo huu ni mkali na kwamba vitu vizuri humpa mtu hamasa. Labda kuna watu wa namna hiyo, ingawa mimi sijawahi kumwona mmoja wao akiwa na kazi iliyokamilika mkononi. Ninaowaona ni watu wenye masanduku yaliyopangwa vizuri. Tunapenda kusema kwamba tumekosa muda, tumekosa vifaa, tumekosa mahali pa kukaa, na hatusemi kwamba kuna siku tulichekwa na bado tunakisikia kile kicheko. Mtu aliyechekwa hatapona kwa kununua fremu ya nne. Aifungue kazi ileile aliyochekewa, aangalie kwa macho yake ya sasa kama kicheko kile kilikuwa cha haki, kisha achukue sindano aendelee kutoka pale alipoishia, na akiwa na jambo la kumwambia aliyemcheka, amwambie kwa bawa la pili.

Siku niliyoiweka picha, nilikuwa nimempiga picha ndege akiwa mezani, na pembeni yake nilipanga vifaa vyote vya mkebe kwa ajili ya mapambo. Pongezi zilikuja nyingi. Ujumbe wa dada yangu ulikuja usiku, nami nikaufungua nikitarajia atanisifia mafundo.

“Kwa hiyo mkasi wangu ulikuwa kwako.”

Alikuja Jumapili iliyofuata. Alikishika kitambaa na kabla ya kuutazama upande wa mbele alikigeuza, akaupitisha uso wa kidole juu ya nyuzi za nyuma, zile za zamani zilizojaa mafundo na hizi mpya ambazo ncha zake nimezificha, akaniuliza, “Hili la mafundo ndilo la wakati ule, eti, mdogo wangu?” Nikasema ndilo. Akalitazama kwa muda mrefu, akanirudishia kitambaa, akauchukua mkasi wa korongo kutoka mezani, akautia kwenye mkoba wake na kuufunga zipu.

Sikuwa na la kusema. Kwa sasa nakatia nyuzi mkasi wa kucha, ambao niliukuta kwenye droo.